Jinsi ya kutengeneza senario ya uchaguzi ya Mkoa wa Dar es Salaam kwenye gemu la siasa

Maswali ya wanaoanza kutengeneza senario (uchaguzi unaouandaa mwenyewe ili uchezwe ndani ya gemu) ni yale yale: naanzia wapi, namba nazitoa wapi, mbona kila nikicheza chama kimoja kinazoa majimbo yote? Hapa nayajibu kwa mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: uchaguzi mkuu wa 25 Oktoba 2015 katika Mkoa wa Dar es Salaam, majimbo 10 ya ubunge.

Nimechagua 2015 kwa makusudi. Mwaka ule mkoa uligawanyika kweli: vyama vya UKAWA, umoja wa wapinzani, vilichukua majimbo 6, CCM ikabaki na 4. Ukianza na 2020, CCM ilishinda yote 10, na utakuwa huna namna ya kujua kama namba zako ni sahihi au umezielekeza tu upande mmoja.

Gemu lolote lenye kihariri kinachokuruhusu kubadili maeneo, vyama, wagombea, hoja na matukio litafaa. Majina ya menyu yanatofautiana ila kazi ni ile ile.

Kabla hujaanza

Andaa vitu hivi kwanza. Ukianza bila hivyo utakwama katikati na kuacha.

- Kompyuta yenye gemu na kihariri chake, pamoja na programu ya majedwali kama Excel.
- Matokeo ya ubunge na urais ya 2010 na 2015, jimbo kwa jimbo, kutoka taarifa za Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Matokeo ya taifa zima peke yake hayakusaidii.
- Sensa ya 2012. Mkoa ulikuwa na watu 4,364,541: Kinondoni 1,775,049, Temeke 1,368,881 na Ilala 1,220,611.
- Ramani ya majimbo ya 2015. Usitumie ramani ya wilaya za sasa.
- Magazeti ya Agosti hadi Oktoba 2015. Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi ni mahali pazuri pa kuanzia kutafuta.
- Daftari la kawaida. Kila namba unayoingiza, andika umeitoa wapi. Mwezi ujao utataka kuibadilisha na hutakumbuka.

Hatua ya 1: Amua mchezaji anashinda nini

Wengi huchukua senario ya mkoa wa Kanada, wanafuta majina na kuweka ya kwetu. Kiufundi si vibaya, lakini kuna tatizo moja kubwa. Ontario, kwa mfano, ina bunge lake. Mwaka 2018 lilikuwa na viti 124, kwa hiyo chama kikifika 63 kina wingi wa kuunda serikali ya mkoa. Doug Ford na chama chake cha Progressive Conservative walipata viti 76 kwa takriban asilimia 40.5 ya kura, na mchezo ukaishia hapo.

Dar es Salaam haina bunge la mkoa. Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Wabunge wanaochaguliwa hapa wanakwenda Dodoma. Ukiacha sharti la ushindi la Ontario, gemu litatangaza "serikali ya mkoa" ambayo haipo, na mchezaji wa hapa atalifunga gemu palepale.

Weka sharti la pointi badala yake. Mimi napendekeza hivi:

- Kila jimbo la ubunge: pointi 10.
- Kuongoza kura za urais ndani ya mkoa: pointi 30.
- Wingi wa madiwani katika kila halmashauri ya manispaa: pointi 15.

Usilipuuze hilo la tatu. Meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, anachaguliwa na madiwani, na wingi wa 2015 ndio uliowezesha Isaya Mwita wa CHADEMA kuwa Meya wa Jiji Machi 2016. Mchezaji aliyepoteza urais bado ana kitu cha kupigania hadi kura ya mwisho.

Viti maalum viache nje. Vinagawiwa kwa kura za taifa zima, si za mkoa.

Hatua ya 2: Chora majimbo

Wilaya zilikuwa tatu wakati wa uchaguzi ule, na majimbo yalipangika hivi:

- Kinondoni: Kinondoni, Kawe, Ubungo, Kibamba.
- Ilala: Ilala, Ukonga, Segerea.
- Temeke: Temeke, Mbagala, Kigamboni.

Kwenye kihariri, kila jimbo ni eneo moja lenye kiti kimoja. Mpe kila moja uzito wa wapiga kura walioandikishwa, sio idadi ya watu. Kama hujaipata hesabu ya waliojiandikisha, anza kwa kugawa idadi ya watu ya wilaya kwa kata, jumlisha kata za kila jimbo, halafu rekebisha utakapoipata.

Angalia hapa: mwaka 2010 majimbo yalikuwa 8. Kibamba na Mbagala hayakuwepo. Ukitumia matokeo ya 2010 kama msingi, lazima uyakate upya kwa kata. John Mnyika, mbunge wa Ubungo kuanzia 2010, aligombea Kibamba 2015. Wanaoanza humpa mgombea mpya wa CHADEMA pale Ubungo nyongeza ya mbunge aliyeko madarakani. Nyongeza hiyo haimhusu mgombea mpya. Saed Kubenea aliingia Ubungo akiwa mwandishi wa habari anayejulikana, basi mpe alama za umaarufu, si za uzoefu wa bungeni.

Hatua ya 3: Vyama, na jinsi ya kuingiza UKAWA

Usitengeneze chama kinachoitwa UKAWA. Ulikuwa umoja wa CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, haukuwa chama kilichosajiliwa na haukuwemo kwenye karatasi ya kura. Edward Lowassa aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA.

Tengeneza CCM, CHADEMA, CUF na ACT-Wazalendo kila kimoja peke yake. NCCR na NLD waweke kama vyama vidogo vinavyounga mkono. Vingine viunganishe chini ya "Vyama vingine". Halafu tumia kitufe cha muungano, au kama gemu halina, ondoa kwa mkono mgombea wa chama kilichomwachia mwenzake. Kwa Dar, CUF ilisimama Kinondoni na Temeke, CHADEMA ikasimama Kawe, Ubungo, Kibamba na Ukonga. Ndiyo majimbo sita waliyoshinda.

Mgombea binafsi usimweke. Sheria ya Tanzania inamtaka kila mgombea apitie chama.

Kwa alama za wagombea, tumia kiwango cha 1 hadi 5 katika mambo manne tu: umaarufu, ufasaha jukwaani, uzoefu, na mtandao wa chama jimboni. Hilo la mwisho ndilo wengi wanalisahau, na ndilo linaloamua Dar. Mgombea anaweza kujaza uwanja jioni, lakini asubuhi ya kura anayewatoa watu majumbani ni balozi wa nyumba kumi na viongozi wa matawi. Mpe CCM 4 au 5 hapo karibu kila jimbo, hata yale iliyoshindwa.

Alama zitoke kwenye mambo yanayojulikana hadharani. Usimbandike mtu halisi kashfa uliyoitunga ili gemu linoge.

Hatua ya 4: Asilimia za kuanzia

Hapa ndipo senario nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kosa kubwa ni kuchukua namba za taifa na kuzimwaga kwenye kila jimbo. Kitaifa John Magufuli alipata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Weka hizo Dar nzima na CCM itakupa 10 kwa 10 kila unapocheza. Mkoa una tabia yake, na kila jimbo ndani yake lina yake. Kawe ina wapiga kura wa Msasani na wa Bunju ndani ya mstari mmoja. Mbagala na Kibamba zote ni pembezoni mwa jiji, lakini hazikupiga kura sawa.

Fanya hivi kwa kila jimbo:

1. Anza na kura za ubunge za 2010, zikiwa zimekatwa kwa mipaka ya 2015.
2. Pale chama kimoja cha UKAWA kimemwachia mwenzake, hamisha kura zake. Usihamishe zote. Katika kila kura 10, hamisha 7 kwa mshirika, 1 kwa CCM, na 2 ziache kwa wasioamua.
3. Ongeza au punguza kwa mambo yaliyotokea kabla ya kampeni. Lowassa alijiunga CHADEMA mwishoni mwa Julai 2015, na Ibrahim Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwanzoni mwa Agosti. Haya yamo ndani ya namba za kuanzia, si matukio ya gemu.
4. Acha asilimia 12 hadi 18 za wasioamua. Pungufu ya hapo, kampeni haina maana. Zaidi ya hapo, bahati nasibu ndiyo inayocheza badala ya mchezaji.

Sasa tuichukue Segerea, kwa sababu ni jimbo litakalokuonyesha kama kazi yako imesimama. CHADEMA na CUF hawakuelewana pale. Wote wawili walisimamisha mgombea, kura za upinzani zikagawanyika, na Bonnah Kaluwa wa CCM akachukua kiti. Kwenye kihariri anza na namba hizi, ambazo ni za gemu na si matokeo:

- CCM: 36
- CHADEMA: 26
- CUF: 20
- ACT-Wazalendo: 2
- Wasioamua: 16

Cheza. CCM inapaswa kushinda mara nyingi. Kisha tengeneza nakala ya senario, mwondoe mgombea wa CUF, na uhamishe kura zake 20 kwa ule uwiano wa 7, 1 na 2. CHADEMA inafika 40, CCM 38, wasioamua 20. Jimbo sasa ni la yeyote, na anayefanya kampeni vizuri ndiye atakayelibeba.

Kama kiti hakitikisiki hata baada ya kuondoa mgombea mmoja, rudi nyuma uangalie, kwa kuwa gemu lako halisomi mgawanyiko wa kura. Senario ya Dar isiyoweza kuitoa Segerea haijawa ya Dar bado, hata ramani iwe nzuri namna gani.

Hatua ya 5: Hoja za kila jimbo

Hoja tatu za mkoa mzima zinatosha: ajira kwa vijana, ufisadi, na huduma za jamii. Nguvu yako ielekeze kwenye hoja za jimbo, maana ndizo zinazomfanya mchezaji afikirie aende wapi leo.

- Ubungo na Kibamba: maji. Kimara na Mbezi watu walikuwa wakinunua maji kwa madumu na magari wakati bomba limepita mlangoni.
- Kigamboni: pantoni, na mradi wa mji mpya uliowaacha wenye viwanja bila kujua watajenga au watahamishwa.
- Mbagala na Ukonga: fidia za milipuko ya mabomu ya Mbagala, Aprili 2009, na ya Gongo la Mboto, Februari 2011.
- Ilala: wafanyabiashara wa Kariakoo na mashine za kielektroniki za risiti (EFD), pamoja na wamachinga.
- Kinondoni: mafuriko ya mabondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa bado hayajasahaulika.
- Kawe: migogoro ya ardhi.

Temeke na Segerea wape barabara za mitaa na usafiri. Uzito wa kila hoja uweke kati ya 1 na 3, usizidishe.

Angalia tarehe. Daraja la Kigamboni lilizinduliwa Aprili 2016 na mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016. Mchezaji wa CCM anaweza kuahidi kuvikamilisha, lakini hawezi kujivunia kwamba vinafanya kazi.

Hatua ya 6: Kalenda, mikutano na foleni

Kampeni zilianza 22 Agosti na kuishia 24 Oktoba, yaani siku 64. Zamu ya siku moja inachosha, ya wiki moja inaficha mambo. Siku mbili kwa zamu, jumla zamu 32, inaenda vizuri.

Mikutano ya hadhara inaisha saa 12 jioni. Geuza sheria hiyo kuwa kanuni ya gemu: mgombea wa urais anafanya mikutano isiyozidi mitatu kwa siku, na akihama kutoka wilaya moja kwenda nyingine anapoteza mmoja. Aliyekaa kwenye foleni ya Ubungo akitoka Kibamba kwenda Mbagala hatauliza kwa nini.

Wape viwanja majina yake: Jangwani, Biafra, Mwembe Yanga, Zakhem, Tanganyika Packers. Jangwani uwe na gharama kubwa na athari ya mkoa mzima. Vingine viathiri jimbo lake na majirani tu. Kampeni ya nyumba kwa nyumba iwe ya bei nafuu, athari yake iwe ndogo lakini isiyopotea zamu inayofuata.

Fedha: usimpe kila mtu sawa. Zaidi ya hapo jaribu mwenyewe mpaka uone hakuna chama kinachomaliza akiba kabla ya Oktoba.

Hatua ya 7: Matukio

Matukio sita hadi nane yanatosha. Mawili ya kweli ya kuanza nayo:

1. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015. Pandisha uzito wa hoja ya huduma za jamii, zaidi Kinondoni, kwa zamu nne.
2. 1 Septemba, Dkt. Wilbrod Slaa, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CHADEMA, anatangaza kuachana na siasa. Punguza ari ya CHADEMA kwa zamu mbili, kisha irudi taratibu.

Ukitaka tukio la kifo cha mgombea, fuata sheria: uchaguzi wa jimbo lile unaahirishwa. Mwaka ule ilitokea kwenye majimbo kadhaa nje ya Dar, Arusha Mjini likiwa mojawapo. Gemu likiendelea kama kawaida na mgombea mwingine, umekosea.

Tukio moja lisihamishe zaidi ya asilimia 3 za kura. Ukizidisha, mchezaji anasubiri matukio badala ya kufanya kampeni.

Hatua ya 8: Jaribu bila kugusa

Iache kompyuta iendeshe vyama vyote, mara 20, na uandike mshindi wa kila jimbo kwenye jedwali. Unatafuta hivi: wastani uwe karibu na 6 kwa 4, Kawe na Kibamba zibaki CHADEMA mara nyingi, Ilala na Kigamboni zibaki CCM mara nyingi, na majimbo manne hivi yabadilike mikono mara kwa mara. Yakiwa 6 kwa 4 mara zote 20, wasioamua ni wachache mno.

Rekebisha kitu kimoja, jaribu tena. Ukibadili asilimia, hoja na fedha kwa pamoja, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kabla hujaisambaza

Kwenye ukurasa wa matokeo andika kwa herufi kubwa: GEMU, SI MATOKEO HALISI. Picha ya skrini ikiingia kwenye magrupu ya WhatsApp bila maandishi hayo inaweza kuonekana ni matokeo ya kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo. Kutangaza matokeo ni kazi ya Tume. Jilinde, na uwalinde wachezaji wako.

Ukikwama

CCM inashinda yote 10. Angalia kama muungano umewashwa. Mara nyingi utakuta CHADEMA na CUF wamesimama wote kila jimbo, Segerea kumi badala ya moja.

UKAWA wanashinda yote 10. Umehamisha kura zote za washirika, au umeipa CCM mtandao wa chama chini ya 4.

ACT-Wazalendo inapata asilimia 15. Kompyuta inagawa wasioamua sawa kwa kila chama. Tafuta sehemu ya kugawa kwa uwiano wa nguvu, au ishushie ACT umaarufu hadi 1.

Mbunge anaonekana kwenye chama kisicho chake. Umechukua orodha ya baadaye. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Mwita Waitara wa Ukonga walihamia CCM baada ya uchaguzi na kurudi bungeni kwa uchaguzi mdogo wa 2018. Mwaka 2015 Mtulia ni CUF na Waitara ni CHADEMA.

Asilimia zote zinasoma sifuri. Kompyuta yako inaandika 38,5 na gemu linataka 38.5. Badili alama ya desimali kwenye Excel kabla ya kuhifadhi faili.

Gemu linagoma kufunguka baada ya kuingiza kata. Nenda moja kwa moja Temeke, kwenye kata ya Chang'ombe. Alama ile ya ritifaa inalifanya gemu lidhani jina limeishia katikati. Kwenye faili andika Changombe bila alama, na jina sahihi uliweke kwenye sehemu ya jina la kuonyesha, kama kihariri chako kinayo. Kisha hifadhi faili kwa mfumo wa herufi wa UTF-8 na ufungue upya.